Uhuru na Nyota ya Dajaja

Mtu akisimama Bute, kaskazini ya Wajir, usiku wa Septemba usio na mbalamwezi, ataliona upande wa kaskazini kundinyota la Dajaja, ambalo Wazungu huliita Cygnus; na ndani yake imo nyota maradufu isiyoonekana kwa jicho, Cygnus X-3, ambayo habari zake, ijapokuwa aghalabu husimuliwa kana kwamba ni mali ya Marekani na Kanada, zina fungu kubwa lililotoka pwani yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la Wataliani la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Pwani ile haikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake: chombo kirushwacho karibu na ikweta husukumwa na mzunguko wa dunia, na njia yake huepukana na mionzi mikali iliyo juu ya Atlantiki ya kusini. Kwa hiyo Uhuru, kila ilipoizunguka dunia, ilipita katika anga la Bute.

Setilaiti hiyo ndiyo iliyobainisha kwamba eksirei za Cygnus X-3 hupanda na kushuka kila saa 4.8, dalili ya nyota mbili zizungukanazo. Na tarehe 2 Septemba 1972, Philip Gregory, akitumia darubini ya redio ya Algonquin huko Kanada, aliikuta nyota hiyo, iliyokuwa dhaifu, imeongeza nguvu mamia ya mara.

Walakini mlipuko mmoja hauonyeshi tabia; tabia hujulikana kwa kuangalia muda mrefu. Waborana, ambao lugha yao husikika sana Bute, wana wajuzi wa falaki, ayyantu, wapangao miezi kwa kuangalia mwezi unavyolingana na Kilimia na nyota nyingine. Nao, nadhani, wasingeshangaa kusikia kwamba vipimo vya Green Bank, Marekani, vilivyochukuliwa kwa miaka mingi, ndivyo vilivyodhihirisha katika miaka ya 1990 kwamba kabla ya mlipuko mkubwa mawimbi ya redio ya Cygnus X-3 hudidimia hata karibu kutoweka, ndipo nyota hiyo ikarusha mikondo ya chembe kwa mwendo ukaribiao wa nuru. Tangu hapo mawimbi hayo yakididimia, wataalamu huarifiana watayarishe vyombo.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ama ile ndogo kati ya nyota mbili za Cygnus X-3, wengi huidhania kuwa shimo jeusi, na hoja haijafungwa.