Mchapishaji wa Gemu ni Nani, na Akinunuliwa Kinanunuliwa Nini?

Mwaka 1993, kabla haijauza hata PlayStation moja, Sony ya Japani ilinunua kampuni ya Liverpool, Uingereza, iliyoitwa Psygnosis. Mwandishi wa habari akipewa taarifa hiyo aiandike kwa Kiswahili, kichwa kitamjia haraka: "Sony yanunua watengenezaji wa gemu wa Uingereza." Kichwa hicho kinapotosha. Gemu mbili zilizoipa Psygnosis jina kubwa zilitengenezwa na watu wengine. Shadow of the Beast ya 1989 ilikuwa kazi ya studio ya Reflections. Lemmings ya 1991, ile ya viumbe wadogo wanaotembea kwa msururu kuelekea kwenye mauti na mchezaji akahangaika kuwaokoa, ilikuwa kazi ya DMA Design ya mjini Dundee, Scotland. Psygnosis ilikuwa na mafundi wake wa ndani, lakini kazi iliyoiweka mjini ilikuwa uchapishaji.

Je, kampuni ya mashine za gemu inunue mchapishaji wa nchi nyingine? Swali hili hurudi kila baada ya miaka michache, na wanaobishana hupishana kwa sababu kila mmoja ana mchapishaji wake kichwani. Mmoja anawaza kiwanda, mwingine duka, wa tatu anawaza vijana wenye kompyuta. Ndiyo maana istilahi hii inastahili kuchambuliwa kabla ya kuzungumzia bei.

Mzizi wa neno mchapishaji ni chapa. Kuchapa ni kutia maandishi kwenye karatasi. Kuchapisha ni kusababisha kazi ichapwe na itoke. Kiambishi cha kusababisha, -ish-, ndicho kinachobeba uzito wote. Waandishi wa vitabu wanaijua tofauti hii vizuri sana. Mpigachapa ana mitambo na wino. Analipwa kwa idadi ya nakala, na kitabu kikidoda yeye ameshachukua chake. Mchapishaji, tuseme Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, hahitaji kuwa na mtambo hata mmoja. Anachagua muswada, anamlipa mhariri, anafunga mkataba wa haki na mwandishi, anatoa fedha, na kitabu kikidoda hasara ni yake.

Katika gemu, nafasi ya mwandishi inashikwa na studio. Mchapishaji huitangulizia fedha kwa awamu, kila hatua ya kazi inapokaguliwa na kukubaliwa. Humo mna mishahara ya wachoraji, waandika programu na watunga muziki kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Gemu ikianza kuuzwa, mchapishaji kwanza hujirudishia alichotanguliza, ndipo mrabaha wa studio uanze kuhesabiwa. Zipo gemu zilizouzwa vizuri tu na studio isione mrabaha wowote kwa sababu deni la utangulizi halikuisha. Na mara nyingi mkataba huohuo humwachia mchapishaji hakimiliki ya gemu: jina, wahusika, na haki ya kutoa toleo la pili hata kwa kuipa studio nyingine kabisa.

Kuna wanaolikataa neno hili kwa kuwa gemu haina karatasi wala wino, na sasa hata diski inaondoka, watu wanapakua. Siwaungi mkono. Kwa Kiswahili chapa ni pia alama ya mwenye mali: ng'ombe hupigwa chapa, na unga dukani huulizwa kwa chapa. Tazama kasha la gemu ya Psygnosis: jina la studio limeandikwa kwa herufi ndogo, na anayekukodolea macho ni bundi, nembo aliyoichora Roger Dean, msanii yuleyule wa majalada ya santuri za bendi ya Yes. Mnunuzi wa miaka ile alimjua bundi, hakumjua fundi. Hiyo ndiyo kazi ya mchapishaji, na neno letu linaieleza vyema.

"Msambazaji" halitoshi. Wapenzi wa filamu za Bongo wanamjua msambazaji wa Kariakoo, aliyechukua filamu iliyokwisha pigwa, akaitoa nakala na kuipeleka mikoani. Mchapishaji wa gemu huingia mapema zaidi, gemu ikiwa bado wazo kwenye kurasa chache. "Mtengenezaji" ndilo neno baya kuliko yote, maana litawabeba watu watatu kwa mpigo: anayeunda mashine, anayeunda gemu na anayegharimia. Mimi naandika kampuni ya mashine, studio, na mchapishaji, basi. Na msomaji haulizi maswali.

Sasa twende Liverpool. Sony ya mwaka 1993 ilijua redio, televisheni na muziki. Gemu ilikuwa shamba la Nintendo na Sega, na Ulaya ilikuwa na tabia zake: wachezaji wengi huko walikulia kwenye kompyuta za nyumbani kama Amiga, wakinunua gemu za vikundi vidogo vya vijana wa miji isiyotajwa mara kwa mara. Psygnosis ilivijua vikundi hivyo kimoja kimoja. Ilijua nani hukamilisha kazi kwa wakati na nani wa kushikiwa saa. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni, na kwa maoni yangu huo ndio Sony iliouhitaji kuliko gemu yoyote.

Faida ya kwanza ilionekana upesi, na ilitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Ili studio iandike gemu ya mashine mpya, inahitaji vifaa maalumu vya kuijaribia kazi. Sony ilikuwa imekusudia kutumia kompyuta zake kubwa za NEWS, ghali na ngeni kwa studio ndogo. Psygnosis ilikuwa ikifahamiana na mafundi wawili waliokuwa na kampuni ya SN Systems, ikawakutanisha na wakuu wa Sony kwenye maonyesho ya Las Vegas, Januari 1994. Mafundi wale walileta kifaa chao: kadi za kuchomeka ndani ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Sony ikakikubali. Kuanzia hapo studio yenye watu wachache na kompyuta za kawaida iliweza kuitengenezea PlayStation gemu, na wingi wa gemu ndio uliokuja kuzichosha Nintendo na Sega. Mwaka 2005 Sony iliinunua SN Systems yenyewe.

Faida ya pili ilionwa na kila mtu. PlayStation ilipoingia Ulaya tarehe 29 Septemba 1995, ilikuja na WipEout, mbio za vyombo vinavyoelea, iliyotengenezwa ndani ya Psygnosis. Michoro yake ilibuniwa na The Designers Republic ya Sheffield, na muziki wake ulikuwa na kazi za Leftfield, Orbital na The Chemical Brothers. Yalikuwa mazingira ya vilabu vya usiku vya Uingereza, na nina hakika hakuna mtu Tokyo ambaye angeagiza kitu kama kile. Ilichukua wenyeji kujua kwamba vijana wa Kiingereza wenye miaka ishirini na zaidi wangeweza kununua mashine ya gemu bila kuona haya.

Pamoja na hayo, yapo ambayo Sony haikuyapata, na hapa istilahi inaanza kulipa. Ukimnunua mchapishaji unapata haki alizonazo na mikataba aliyoifunga. Studio za nje huzipati. Hakimiliki ya Lemmings ilihamia Sony na iko huko mpaka leo. Walioitunga, DMA Design, walikuwa huru, na mwaka 1997 walitoa gemu nyingine kupitia mchapishaji mwingine, BMG Interactive. Gemu hiyo iliitwa Grand Theft Auto. Studio ile ilipita mikononi mwa wanunuzi kadhaa, ikaishia kwa Take-Two ya Marekani na kuitwa Rockstar North. Bizarre Creations, ya hapohapo Liverpool, iliitengenezea Psygnosis gemu ya mbio za Formula 1 mwaka 1996. Miaka mitano baadaye ilikuwa ikiitengenezea Xbox ya Microsoft Project Gotham Racing. Sony ilikuwa na jina la viumbe wanaotembea kwa msururu, na waliowabuni wakatajirisha nyumba nyingine.

Microsoft ililiona tatizo hilo kutoka upande wa pili. Septemba 2002 iliinunua Rare, studio ya Twycross, Uingereza, kwa dola milioni 375. Nintendo ilikuwa na asilimia 49 ya hisa zake, ikaziuza bila ugomvi. Ukiangalia mikataba utaelewa kwa nini. Rare ndiyo iliyoitengeneza Donkey Kong Country ya 1994, lakini Donkey Kong alikuwa na ameendelea kuwa mali ya Nintendo, mchapishaji wake. GoldenEye 007, iliyowakesha vijana wengi mwaka 1997, ilisimama juu ya haki za James Bond zilizokuwa kwa watu wengine. Microsoft ilipata mikono iliyofanya kazi zile pamoja na majina machache kama Banjo-Kazooie na Perfect Dark. Majina makubwa zaidi yakabaki Kyoto, kwa Nintendo. Na ile mikono nayo haikukaa yote: ndugu wawili wa ukoo wa Stamper, waanzilishi wa Rare, waliondoka mapema mwaka 2007.

Wapiga pedi wa vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi wameliona jambo hili bila kufungua mkataba. Mwaka 2023 EA, mchapishaji wa Marekani, ilitoa gemu ileile ya mpira kutoka studio zilezile, lakini jina la FIFA halikuwapo tena juu ya kasha, kwa kuwa ruhusa ya kulitumia ilikwisha. Vijana wanaendelea kuiita FIFA. Studio, jina na mchapishaji ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kwenda njia yake.

Ugeni wa mchapishaji au wa studio zake huongeza ugumu ambao bei haiuonyeshi. Microsoft iliponunua ZeniMax, kampuni mama ya mchapishaji Bethesda, kwa dola bilioni 7.5 na kukamilisha Machi 2021, ndani ya mfuko huo mlikuwa na Tango Gameworks, studio ya Tokyo iliyoanzishwa na Shinji Mikami mwaka 2010. Januari 2023 Tango ilitoa Hi-Fi Rush, gemu ambayo kila pigo huenda na mdundo wa muziki, na watu waliipenda kwa dhati. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio hiyo. Miezi mitatu baadaye Krafton ya Korea Kusini ikaichukua pamoja na haki za kuiendeleza Hi-Fi Rush, huku gemu za zamani za Tango kama The Evil Within zikibaki zilikokuwa. Kampuni ya mashine iliyokuwa imetafuta miaka mingi namna ya kupendwa Japani iliachia kundi la Wajapani waliokuwa wameshajithibitisha. Naliona hilo kosa kubwa, na naona lilianzia kwenye kununua mfuko mzima kwa ajili ya vitu vichache vilivyomo.

Tena mfuko ukiwa mkubwa, serikali nazo huingia. Januari 2022 Microsoft ilitangaza kumnunua mchapishaji Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Sony ilipinga, ikihofia gemu yake ya Call of Duty kuondolewa kwenye PlayStation. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliuzuia ununuzi Aprili 2023, na wenzao wa Marekani walikwenda mahakamani wakashindwa. Mwishowe Microsoft ilisaini na Sony mkataba wa miaka kumi wa kuibakiza Call of Duty kwenye PlayStation, ikaipa Ubisoft ya Ufaransa haki za kuzirusha gemu za Activision kwa njia ya intaneti, na Oktoba 2023 ikakabidhiwa kampuni. Pima hapo: sababu iliyowafanya wengi waamini ununuzi ule una maana, yaani kumnyima mshindani gemu, ilikuwa imeshatolewa kwa mkataba kabla funguo hazijakabidhiwa. Minecraft ilikuwa imeonyesha njia mapema. Microsoft ilimnunua mwenye gemu hiyo, Mojang ya Sweden, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na gemu ikaendelea kuuzwa kwenye PlayStation bila Microsoft kupata hasara.

Kwa hiyo nasema: inunue, ikiwa kinachokosekana ni kazi ya mchapishaji mwenyewe, yaani jicho la kuchagua na kuwajua watu wa nchi ile, na ikiwa kampuni iko tayari kumwacha afanye kazi hiyo. Sony ilimwacha Psygnosis atoe WipEout hata kwenye Saturn ya Sega, na mwaka 1998 kwenye Nintendo 64. Ikiwa kinachotafutwa ni gemu moja, mkataba wa kipindi maalumu ni rahisi zaidi. Ikiwa ni mafundi, inunuliwe studio, na bei iandikwe kwa kuwahesabu wao. Sony ilifanya hivyo mwaka 2022 ilipoichukua studio ya Bungie ya Marekani kwa dola bilioni 3.6: takribani dola bilioni 1.2 za fedha hizo zilitengwa kuwalipa wafanyakazi ili wasiondoke. Miaka miwili baadaye Bungie ilipunguza watu 220, na walioachishwa hawakuwa wameondoka kwa hiari yao.