Bei ya kahawa na nyongeza zake: mgahawa ukueleze lini?

Nyongeza ni kitu chochote kinachoongezwa kwenye kinywaji au chakula na kulipiwa juu ya bei iliyotajwa mwanzo. Kwenye mgahawa wa kahawa, nyongeza zinazojulikana zaidi ni maziwa, asali, tangawizi, dozi ya pili ya kahawa na kikombe cha kubeba. Wengine huongeza ada ya huduma, VAT, au pesa ya kutolea unapolipa kwa simu.

Wasikilizaji wetu wengi hunywa kahawa kijijini au kwenye kijiwe cha stendi, na huingia kwenye mgahawa wa mjini siku wanapokwenda hospitali ya mkoa, mahakamani, benki au kumwona mtoto chuoni. Siku hiyo fedha mfukoni zimehesabiwa. Makala hii inaeleza nyongeza hizo zinafanyaje kazi, sheria inasema nini, na wewe uulize nini kabla hujaletewa kikombe.

Kijiweni na mgahawani

Kwenye kijiwe cha kahawa hakuna ubao wa bei, lakini bei inajulikana. Kikombe kidogo cha kahawa chungu kina bei yake, kashata ina bei yake, na muuzaji akipandisha, watu wa kijiwe wanapata habari asubuhi hiyo hiyo. Tangawizi kwa kawaida imo ndani ya birika na hailipiwi peke yake.

Mgahawani mambo ni tofauti. Kuna mashine, kuna majina kama spreso na kapuchino, na kila kitu kinaweza kuuzwa peke yake. Wateja hawafahamiani, wala hakuna wa kukunong'oneza kwamba hapa maziwa yanalipiwa. Ndiyo maana uwazi, ambao kijiweni unaletwa na mazoea, mgahawani lazima uletwe na maandishi au na mdomo wa mhudumu.

Bei inavyopanda bila kuonekana

Chukua mfano huu wa kufikirika. Ubaoni pameandikwa: kahawa, Sh 3,000. Umeagiza ya maziwa. Mhudumu anauliza, "Mama, tukuwekee na asali?" Unasema ndiyo. Kisha unaomba iwekwe kwenye kikombe cha kubeba kwa sababu basi linakaribia kuondoka. Bili inakuja: kahawa 3,000, maziwa 1,000, asali 500, kikombe 500. Jumla ni Sh 5,000.

Hakuna aliyeiba. Kila kitu kilicholipiwa kipo ndani ya kikombe. Lakini uliingia ukiwa umekubali 3,000, na sasa unadaiwa 5,000 kwa kahawa ambayo huwezi tena kuirudisha. Hiyo 2,000 inaweza kuwa nauli yako ya bodaboda kutoka barabara kuu hadi nyumbani.

Angalia pia lile swali la asali. Kwetu, mwenyeji akikuuliza "nikuongezee sukari?", anakukirimu. Hujibu kwa kuuliza bei. Mgahawani swali ni lile lile na sauti ni ile ile ya upole, ila safari hii ni mauzo. Mteja asiyezoea anajibu kama mgeni, halafu analipishwa kama mnunuzi. Akishaletewa bili, wengi hawasemi kitu. Mtu anaona haya kubishana juu ya shilingi 500 mbele ya watu, analipa na kuondoka. Nyongeza iliyofichwa inaishi kwa haya hiyo.

Je, ni kosa kutoza nyongeza?

Hapana. Mwenye mgahawa ananunua maziwa kila siku, na maziwa si bei rahisi. Kikombe cha kubeba na kifuniko chake vinanunuliwa. Mashine inakula umeme, pango linalipwa mwisho wa mwezi. Mteja anayekunywa kahawa kavu hana sababu ya kumlipia maziwa mwenzake. Kutenganisha bei kunaweza kuwa haki zaidi kuliko kuwapandishia wote.

Wafanyabiashara wana hoja nyingine mbili za kusikilizwa. Ya kwanza: ukiandika kila kitu, ubao unajaa na mteja anachanganyikiwa. Ya pili: bei ya maziwa hubadilika, na kuchapisha orodha upya ni gharama. Hoja hizi zina ukweli, lakini zina majibu. Ubao hauhitaji kuandika mambo ishirini. Mstari mmoja unatosha: "Maziwa, asali na kikombe cha kubeba hulipiwa zaidi, uliza bei." Na pale bei inapobadilika, chaki na kitambaa vinafanya kazi ile ile.

Ipo na hoja ya tatu ambayo haisemwi waziwazi: bei ndogo ubaoni inavuta watu. Hapa ndipo tatizo lilipo. Mgahawa unaoandika 3,000 huku karibu kila mteja akilipa 5,000 unamwonea jirani yake aliyeandika 5,000 kwa ukweli. Mteja anampita mkweli na kuingia kwa mwenye bei ya kuvutia. Kwa hiyo uwazi unamlinda mteja, na unamlinda pia mfanyabiashara mwaminifu.

Swali la msingi basi ni lini mteja anaambiwa. Kabla kahawa haijamiminwa, mteja bado anaweza kusema "basi, niletee kavu." Baada ya hapo hana la kuchagua.

Mkulima wa kahawa analijua jambo hili

Kwa wasikilizaji wa Kilimanjaro, Kagera, Mbinga na Mbozi, hili si geni. Mkulima anayepeleka kahawa kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, anajua tofauti kati ya bei inayotangazwa na fedha inayofika mkononi. Katikati kuna makato. Mengine ni halali na yamekubaliwa kwenye mkutano mkuu. Kinachowaudhi wanachama ni kukutana na kato siku ya malipo bila kulisikia kabla. Kanuni ya kikombe ni ile ile ya gunia: makato na nyongeza vitajwe wakati mtu bado ana nafasi ya kukubali au kukataa.

Nyongeza za lazima na za hiari

Kabla ya kulalamika, tenganisha aina mbili.

Nyongeza ya hiari ni ile unayoweza kuikataa na bado ukapata kahawa yako: asali, maziwa, kipande cha keki. Hii inatakiwa kutajwa unapoiomba au unapoulizwa kama unaitaka.

Nyongeza ya lazima ni ile ambayo kila mteja atalipa atake asitake, kama ada ya huduma au kodi. Hii inafaa iwe ndani ya bei tangu mwanzo, kwa sababu bei ambayo hakuna mtu anayeweza kuilipa peke yake si bei ya kweli. Kwa mfano, kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Orodha ikisema chakula ni Sh 10,000 na chini kwa maandishi madogo ikaandika "bila VAT", jiandae kulipa 11,800.

Kumbuka pia kwamba biashara ambayo haijasajiliwa kwa VAT hairuhusiwi kukutoza kodi hiyo. Risiti ya EFD ya biashara iliyosajiliwa huonyesha namba ya usajili wa VAT na kiasi cha kodi. Ukiambiwa "hii ni VAT" na risiti haipo, una haki ya kuuliza.

Nchi nyingine zimefanya nini

Italia ina desturi ya zamani ambayo mgeni hushangaa nayo: kahawa unayokunywa umesimama kaunta na ile unayoletewa mezani huweza kuwa na bei mbili tofauti. Hilo linakubalika, ila bei lazima zionekane. Mwaka 2022, mjini Florence, mteja aliita polisi baada ya kutozwa euro 2 kwa spreso isiyo na kafeini. Mgahawa ulipigwa faini ya euro 1,000. Sababu ya faini haikuwa ukubwa wa bei, bali ni kwamba bei ya kahawa hiyo haikuwa imeonyeshwa inavyotakiwa.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2024, na tangu Aprili 2025 mfanyabiashara anatakiwa kuweka ada zote za lazima ndani ya bei anayoitangaza. Haruhusiwi kuanza na bei ndogo halafu akadondosha ada moja moja mpaka mwisho.

Marekani, kampuni ya Starbucks kwa miaka mingi ilitoza zaidi kwa maziwa ya mimea, kama ya soya na shayiri. Wateja ambao miili yao haivumilii maziwa ya ng'ombe walilalamika, na mapema mwaka 2024 baadhi walikwenda mahakamani California. Novemba 2024 kampuni iliondoa nyongeza hiyo kwenye maduka yake ya Marekani na Kanada. Huo ni mfano wa njia nyingine: kuimeza nyongeza ndani ya bei.

Jirani zetu Kenya, sheria yao ya ushindani ya mwaka 2010 inakataza mtoa huduma kumtoza mteja ada ambayo hakuelezwa kabla. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo iliagiza kampuni za huduma za fedha kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Ukiwa na simu mkononi, fikiria faida yake: unaona makato, ndipo unaamua kuweka namba ya siri au kuacha. Kikombe cha kahawa kinastahili nafasi hiyo hiyo.

Sheria ya Tanzania

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na upotoshaji kuhusu bei ni sehemu ya makatazo hayo. Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ushindani, FCC, ambayo pia ina jukumu la kumlinda mlaji. Kwa hiyo bei iliyowekwa kwa namna ya kumdanganya mteja inaweza kulalamikiwa. Ila ni vizuri kuwa wakweli: watu wachache watafunga safari hadi ofisini kwa ajili ya shilingi 500. Ulinzi wa karibu zaidi ni swali unalouliza kabla.

Ufanye nini ukiwa mgahawani

1. Uliza jumla. Usiulize tu "kahawa bei gani?" Sema: "Dada, kahawa ya maziwa, ikiwa na asali, jumla shilingi ngapi?" Neno "jumla" lina kazi kubwa.

2. Ukiulizwa "tukuwekee...?", jibu kwa swali: "Inalipiwa?" Si utovu wa adabu. Mhudumu mwenye kazi nzuri hatakasirika.

3. Kama unaondoka na kinywaji chako, uliza kikombe cha kubeba kinalipiwa au la. Kama una muda, kunywa hapo hapo.

4. Kabla ya kulipa kwa simu, uliza kama kuna lipa namba au utatakiwa kutuma na ya kutolea. Pesa ya kutolea ni nyongeza kama nyingine. Ikitajwa baada ya kunywa, imetajwa kwa kuchelewa.

5. Dai risiti na uisome kabla hujatoa fedha. Ukiona kitu hukukielewa, uliza kwa utulivu: "Kaka, hii 500 ni ya nini? Sikuambiwa." Mara nyingi itaondolewa, na mteja wa baada yako ataambiwa mapema.

Kwa wenye migahawa

Wapo wasikilizaji wetu wanaouza chai, kahawa na chapati kwenye stendi na minada. Andika bei ya kikombe jinsi watu wengi wanavyokinywa. Kama wateja wako wengi wanakunywa cha maziwa, bei ya kwanza ubaoni iwe ya kahawa ya maziwa, na ya kavu ifuate chini ikiwa na punguzo. Mteja anayeona punguzo hufurahi, anayekutana na ongezeko hunung'unika, hata kama hesabu ni ile ile.

Mfundishe pia kijana wako wa mezani kusema bei ndani ya swali: "Tukuwekee asali, ni mia tano?" Ni maneno matatu zaidi. Mteja akisema ndiyo, amekubali kweli, na akisema hapana, hajaaibika. Mtu wa kijijini anayepita mjini mara tatu kwa mwaka hukumbuka vizuri alikonyweshwa kahawa kwa bei aliyoambiwa, na akishuka kwenye basi safari ijayo, anaelekea hapo hapo.