Kanuni Moja, Dini Nyingi

Wahenga wetu walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Yaani, usimtendee mwenzio usilopenda kutendewa. Tukichunguza historia tunaona kuwa fundisho hili halina taifa wala dini moja. Kule China, Confucius (551–479 K.K.) aliulizwa na mwanafunzi wake neno moja la kuongoza maisha yote, akajibu hilo hilo. Hillel, mwalimu wa Kiyahudi, inasimuliwa kuwa aliifupisha Torati nzima kwa kanuni hiyo. Yesu aliihubiri mlimani. Mtume Muhammad naye alifundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe.

Septemba 1993, viongozi wa dini mbalimbali walikutana Chicago, Marekani, wakaifanya kanuni hii kuwa msingi wa tamko lao la maadili. Miezi saba baadaye, katika ukanda wetu huu, yakaanza mauaji ya kimbari ya Rwanda. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata.

Je, wauaji hawakulijua fundisho? Wengi walilisikia kanisani tangu utotoni. Lakini redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na mende hahesabiwi kuwa mwenzio.

Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tulizingatie hili: kanuni huanza kuvunjwa pale jirani anapobadilishwa jina.