Kukosea kwa Pamoja: Mbaazi, Bei na Mipaka ya Uamuzi

Tarehe 5 Agosti 2017 Serikali ya India ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoingizwa nchini humo zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Tangazo hilo liliwakuta wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati nchini Tanzania, waliotegemea soko hilo, katikati ya mavuno: matawi yamekatwa na kuanikwa, mengine yameshapigwa kwa fimbo juu ya turubai, na punje zinapepetwa tayari kutiwa magunia. Mbaazi za muda mrefu hukaa shambani zaidi ya nusu mwaka. Uamuzi wa kuzipanda, basi, ulikuwa umefanywa mvua za msimu zilipoanza, kwa kuangalia bei iliyokuwa imeanza kupitwa na wakati. Bei ya shambani ikaporomoka hadi kuwa sehemu ndogo tu ya ile ya misimu iliyotangulia. Maelezo yaliyozoeleka ya kisa hiki ni mawili, kwamba mkulima hakuwa na taarifa, au kwamba India ilitugeuka. Kila moja lina ukweli wake, lakini yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe.

Wanauchumi wameujua mwendo huu wa bei na mavuno tangu miaka ya 1930. Nicholas Kaldor aliufananisha na utando wa buibui mwaka 1934, na Mordecai Ezekiel akauandikia makala maarufu mwaka 1938. Ni utando kwa kuwa mtu akiunganisha bei na mavuno ya msimu hadi msimu kwenye mchoro, mstari unazunguka na kuzunguka. Bei ikiwa nzuri, wengi wanalima. Mazao yakijaa bei inaanguka, wengi wanaacha, na msimu unaofuata zao linaadimika. Mizunguko hiyo hutulia pale ambapo wanunuzi ni wepesi kuitikia bei kuliko wakulima. Hali ikiwa kinyume, hupanuka. Nadharia hii inamchukulia mkulima kuwa anadhani bei ya jana ndiyo ya kesho, na kwa sababu hiyo imedharauliwa kana kwamba inamtukana. Hapa ndipo Herbert Simon, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978, anapofaa. Alionyesha kwamba binadamu hatafuti lililo bora kuliko yote, maana kulipata kunadai muda, taarifa na hesabu asizokuwa nazo. Hutafuta linalotosha, akishalipata anasimama hapo. Kanuni ya "panda kilicholipa mwaka jana" ni ya aina hiyo. Haina gharama, na ushahidi wake unaonekana kwa macho: nyumba ya jirani iliyoezekwa bati jipya baada ya kuuza mbaazi ni taarifa ya soko ambayo haihitaji mtaalamu kuifafanua.

Ninachodai ni kwamba ufinyu huu wa uamuzi, peke yake, hauyumbishi soko. Kinacholiyumbisha ni watu wengi kuwa na ufinyu wa namna moja, katika shughuli ambayo matokeo yake huchelewa. Wakulima elfu kumi wakikosea kila mmoja kivyake, huyu akazidisha ekari na yule akapunguza, makosa yao yanamezana na bei haitikisiki. Wakikosea wote kuelekea upande mmoja, soko litapinda hata kama kosa la kila mmoja ni dogo kiasi cha kutoonekana.

Pingamizi zito zaidi ni la mwanauchumi John Muth, aliyeandika mwaka 1961 kwamba mzunguko unaotabirika ni fedha iliyoachwa barabarani. Mkulima mmoja akigundua kwamba baada ya bei nzuri huja bei mbaya, atalima wenzake wanapoacha, atatajirika, na wengine watamfuata mpaka mzunguko ufe wenyewe. Hoja hii ni kali, na imewafanya wengi waamini kwamba msawazo ndiyo hali ya kawaida na kuyumba ni ajali. Lakini Muth akisomwa kwa makini hakusema kwamba kila mzalishaji anatabiri sawasawa. Alisema matarajio ya watu hutawanyika kuuzunguka utabiri wa nadharia, wengine juu yake, wengine chini. Mtawanyiko huo ndio unaobeba mzigo wote wa hoja yake, na ndio usiokuwepo pale ambapo kijiji kizima kinatazama bati lile lile. Majaribio ya maabara ya Cars Hommes na wenzake yanaelekea huko huko. Washiriki walioombwa kutabiri bei katika soko la aina hii walikaribia bei ya msawazo kwa wastani, lakini katika masoko yenye mwelekeo wa kuyumba bei ziliendelea kupanda na kushuka zaidi kuliko urazini kamili ungeruhusu. Naye mwanauchumi W. Brian Arthur, mwaka 1994, alibuni mfano wa watu 100 wanaotaka kwenda baa ambayo hupendeza ikiwa na watu wasiozidi 60. Hakuna kanuni moja inayoweza kuwafaa wote, kwa sababu wote wakiiamini itajikanusha: wakitabiri patajaa hapaendi mtu, wakitabiri patakuwa wazi patajaa. Katika kompyuta yake, watu waliopewa kanuni mbalimbali, nyingi zikiwa duni, waliifikisha idadi kwenye wastani wa karibu 60.

Atatokea wa kusema kwamba habari ya mbaazi haihusiani na utando wowote, kwamba ni serikali ya nje iliyofunga mlango. Tuufuate mlango huo nyuma kidogo. Mwaka 2014 na 2015 mvua za monsuni zilikuwa haba, bei ya mbaazi India ikapanda kwa kiwango kilichogeuka kuwa suala la kisiasa. Serikali yake ikapandisha bei ya kima cha chini kwa wakulima wake, na Julai 2016 ikasaini makubaliano ya kununua zaidi kutoka Msumbiji. Wakulima wa India, nao wakitazama bei ya jana, walipanda kwa wingi, mvua ikanyesha vizuri, na mavuno ya 2016/17 yakakaribia kuwa maradufu ya yale ya msimu uliotangulia. Bei ikaanguka huko kwanza, na ukomo wa Agosti 2017 ukawekwa ili kuwalinda wao. Mkulima wa Maharashtra na wa Nachingwea walikuwa wamesoma alama moja na kuchukua uamuzi mmoja, kila mmoja pwani yake ya Bahari ya Hindi. Pigo lililotujia kutoka nje lilikuwa utando ule ule, mkubwa zaidi.

Dai langu, hata hivyo, lina mpaka, na ni haki kuuonyesha. Mwanasosholojia Mark Granovetter, mwaka 1978, aliuliza ni watu wangapi lazima waanze fujo kabla mtu fulani hajajiunga. Tuseme katika umati wa watu 100 mmoja hahitaji mwenzake, wa pili anahitaji mmoja, wa tatu wawili, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho: fujo itawakumba wote. Badilisha mtu mmoja tu, yule aliyehitaji mmoja ahitaji wawili, na fujo inaishia kwa mtu wa kwanza. Hapa utofauti wa watu umekuwa ngazi ya kupandishia vurugu, na umati unaofanana karibu kabisa unaweza kuwa na mwisho tofauti kabisa. Kwa hiyo utofauti hutuliza pale tu ambapo wingi wa watu hupunguza faida ya kila mmoja, kama shambani. Pale ambapo wingi huongeza mvuto, kama kwenye maandamano au watu wanapokimbilia kutoa akiba benki, msawazo unategemea mambo mengine, na makala hii haidai kuyamaliza.

Jibu la haraka la wanasiasa ni kuwaondoa waamuzi wengi na kuweka mmoja. Novemba 2018, baada ya wakulima wa korosho kukataa bei za mnadani, Serikali ya Tanzania iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba. Nia ilikuwa kumwokoa mkulima, na bei ile ilikuwa juu ya alizokataa. Lakini malipo ya wengi yalichelewa kwa miezi, na mzigo ukakaa ghalani ukisubiri mnunuzi. Mwamuzi mmoja naye ana akili yenye mipaka, ila kosa lake halina la upande wa pili la kulimeza.

Wengine wanatumaini simu. Utafiti wa Robert Jensen uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba simu zilipofika kwa wavuvi wa Kerala, tofauti za bei za dagaa kati ya soko na soko zilipungua sana na samaki wakaacha kumwagwa. Ni kweli, lakini yule mvuvi alipiga simu samaki wakiwa tayari chomboni, akachagua pwani ya kutia nanga siku ile ile. Mkulima wa mbaazi akipokea ujumbe wa bei mwezi Desemba, na majirani zake wote wakaupokea dakika hiyo hiyo, kinachosambaa ni sababu moja zaidi ya kupanda sawa. Taarifa inayoziba pengo la mahali inaweza kulipanua pengo la wakati.

India iliufungua tena mlango Mei 2021, na bei zikapanda. Ekari nazo zikaongezeka kwa kanuni ile ile ya bati la jirani, wala sioni ubaya wa kanuni hiyo. Ninachotazama ni Septemba, punje zikishapepetwa. Mwenye mfuko usiopitisha hewa anaweza kuzihifadhi bila fukusi mpaka Februari. Mwenye deni la pembejeo na mtoto wa kupeleka shule atauza wiki hiyo hiyo, sambamba na kila mwenye deni kama lake. Kusubiri ndiko kungewatofautisha wakulima hawa, na wengi wao wanauza pamoja kwa sababu madeni yao yanaiva pamoja.