Namba ya Chasisi na Uzi Uliokatika: Historia Fupi ya Wito wa Usalama wa Magari, kutoka Japani hadi Makambako

Makala haya yanachunguza swali linaloonekana kuwa la kiufundi tu: mmiliki wa gari lililotumika, mkazi wa Makambako au wa vijiji vya jirani na Liganga wilayani Ludewa, atajuaje kwamba mtengenezaji ameliita gari lake lirekebishwe kasoro ya usalama? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ugumu wa jibu umetokana na historia ya biashara kuliko uzembe wa dereva.

Wito wa aina hii ulipata nguvu ya sheria nchini Marekani mwaka 1966. Japani ilianzisha utaratibu wake mwaka 1969. Kote kuwili, nguzo yake ilikuwa daftari la usajili: barua humfuata mmiliki aliyeandikwa humo. Tanzania, kwa upande wake, iliruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni kuanzia bajeti ya 1984/85. Mageuzi yaliyofuata yalilifanya gari lililotumika kutoka Japani, lenye usukani wa kulia unaofaa barabara zetu, kuwa chombo cha kawaida. Hata hivyo, gari linaposafirishwa nje, usajili wake wa Japani hufutwa. Hapo ndipo uzi hukatika.

Kisa cha kampuni ya Takata kinadhihirisha gharama ya mkatiko huo. Vifaa vyake vya kujaza mifuko ya hewa vilitumia amoniamu naitreti, kemikali ambayo, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huweza kulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Honda ilianza kuita magari mwaka 2008. Takata iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017, na vifaa vilivyoitwa duniani vilikadiriwa kufikia milioni 100. Miongoni mwa magari yaliyohusika yalikuwamo matoleo ya Toyota Corolla na RAV4, majina yasiyo mageni katika barabara ya Makambako hadi Njombe.

Inaweza kudaiwa kwamba baridi ya Njombe hupunguza hatari. Dai hilo lina ukweli, kwa kuwa uharibifu huharakishwa na joto lenye unyevu. Hata hivyo, kifaa hubeba historia yake yote: miaka ya kiangazi cha Japani, na pengine miaka ya Dar es Salaam kabla ya kupanda nyanda za juu.

Njia ya uhakiki ipo. Magari ya soko la ndani la Japani hutambuliwa kwa namba fupi ya chasisi, isiyo na herufi na tarakimu 17 zinazodaiwa na mifumo ya Marekani. Anayeiingiza katika mfumo wa Marekani hukataliwa, akadhani gari lake ni salama. Namba hiyo, iliyoandikwa pia kwenye kadi ya gari, inapaswa kulinganishwa na orodha za mtengenezaji zilizoko Japani, ambazo nyingi zimeandikwa Kijapani.

Kwa hiyo, taarifa ipo, lakini mzigo wa kuitafuta umemwangukia mnunuzi wa mwisho, aliye mbali zaidi nayo. Namba ya chasisi hukaguliwa tayari wakati wa kusajili gari. Kuilinganisha papo hapo na orodha za wito kungeunga uzi huo upya.