Mbwa wa Kipevu na kichaa cha tangu 1912

Jioni pale Kipevu, malori yakipanga foleni kungoja kuingia bandarini, mbwa ndo huanza zamu. Wengine ni wa yadi, wengine hawana mwenyewe, wala makombo ya madereva. Sisi wapita njia dawa yetu moja tu: jiwe. Nami nshalirusha, sikatai.

Sasa skizeni. Kichaa cha mbwa kiliandikwa Kenya mara ya kwanza 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kuandikwa ni mwanamke wa kanda ya Ziwa Victoria, 1928. Iangalieni hiyo miaka, manake Louis Pasteur alishamtibu kwa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, Julai 1885 kule Paris, na mtoto akapona. Yaani ugonjwa unaandikwa kwetu, chanjo ina miaka 27 tayari. Na bado watu wanakufa nao leo! Hilo ndilo linaloniuma.

Tulichorithi kwa mkoloni ni bunduki. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inaruhusu mbwa wanaozurura wauawe eneo likitangazwa kuwa na ugonjwa. Lakini ukiua, unaua hata waliochanjwa, na nafasi zao zinachukuliwa na wageni wasiochanjwa. Kinachokata mnyororo ni kuchanja mbwa 7 kati ya 10, mwaka baada ya mwaka. Kenya yenyewe ililiandika hilo kwenye mpango wa 2014, wa kumaliza vifo vya binadamu kufikia 2030. Hesabu mwenyewe miaka iliyobaki.

Na msidhani ni mbwa wa mtaani pekee. Kambwa kako ka nyumbani, hata nyau wako anayelala kitandani, akiumwa na mgonjwa anakuletea. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kwa hivyo ukiumwa, au hata ukiparuzwa tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 (madrasa tulifundishwa kuosha chombo alicholamba mbwa mara saba, kwa hivyo kuosha si kugeni kwetu), halafu hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, wala mafuta ya taa. Sindano ni kadhaa, na wako wanaoacha kabla ya kumaliza kwa sababu kidonda kimefunga.

Haya, mwenye mbwa hapo Kipevu: kadi yake ya chanjo iko wapi?