Mpigapicha wa Barabarani katika Miji ya Mwambao: Kutoka Filamu hadi Kamera ya Dijitali

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya kazi moja ambayo haijapewa nafasi inayostahili katika maandishi yetu ya Kiswahili, nayo ni kazi ya mpigapicha wa barabarani katika miji ya mwambao, hasa Mombasa, Lamu na Unguja. Yafaa tangu mwanzo tubainishe maana ya istilahi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Huko Ulaya, hasa baada ya kamera ndogo ya Leica kuanza kuuzwa mwaka 1925, picha ya barabarani ilikuja kumaanisha aghalabu picha inayopigwa kwa ghafla, mwenye kupigwa akiwa hana habari. Mpita njia, kibarua aliyepumzika, mtoto anayekimbia, wote hunaswa kama walivyo, na sifa humwendea aliyewanasa. Katika mwambao wetu desturi ilikuwa nyingine. Mpigapicha wa barabarani alikuwa mtu wa kusimama mahali pamoja panapojulikana, kamera shingoni, akingoja kuitwa. Barabara ndiyo iliyokuwa chumba chake cha kazi, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipia kingine.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kamera ilifika pwani kwa upole huo. Ufundi huu ulitangazwa Paris mwaka 1839, na kabla ya karne ile kwisha Unguja ilikwisha kuwa na wapigapicha wa biashara, wakiwamo Wagoa kama A. C. Gomes na akina Coutinho. Wateja wakubwa waliopigwa picha katika studio walijulikana kwa majina yao. Lakini kamera ilitoka pia ikaenda sokoni, bandarini na vichochoroni, na picha za huko zikachapwa kuwa postikadi za kuuziwa abiria wa meli. Chini ya nyingi ya postikadi hizo hukuti jina la mtu. Hukuta "aina" ya mtu: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, Mwarabu, msichana wa Unguja. Aliyesimama mbele ya kamera amegeuzwa mfano wa kabila lake au kazi yake, wala hapana dalili ya kuonyesha kama aliombwa ruhusa. Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu historia ya picha za mwambao, amelishughulikia suala hili kwa kirefu, pamoja na uhusiano wake na utumwa, na msomaji atakayetaka kulifuata zaidi aanzie huko.

Studio za karne ya 20 tutazipitia kwa haraka, kwa kuwa zimekwisha kuandikwa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh alifanya kazi Mombasa kwa miongo kadhaa; na huko Lamu Omar Said Bakor alijipatia sifa kwa picha za kuunganisha, ambazo alizikata na kuzipanga upya hata sura ya mtu ikachomoza katikati ya mapambo. Jambo la kukumbukwa ni kwamba katika studio hizo mteja aliingia kwa hiari yake, akachagua vazi, akachagua namna ya kusimama, na picha ikawa yake. Mpigapicha wa barabarani aliirithi adabu hiyo na kuitoa nje, mbele ya macho ya watu.

Lugha yetu imeuhifadhi uhusiano huo vizuri kuliko vitabu. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani neno sanamu lilitumika kwa mchoro na picha pia, na taswira nalo lilikuwapo, likiwa limetoka katika Kiarabu. Ndipo picha, neno la Kiingereza lililovaa sauti zetu, likayashinda yote mawili. Kitenzi kikawa kupiga, kama tupigavyo chapa, pasi na simu. Lakini tazama yambwa ya kitenzi hicho. Mteja alipomwendea mpigapicha alisema "nipige picha", wala hakusema "piga picha yangu". Mwenye kupigwa ndiye anayetajwa ndani ya kitenzi, tena kwa amri yake mwenyewe. Akitaka mahari, ngalawa au nyumba yake ipigwe picha, husema "nipigie", na hapo yeye ni mwenye kufanyiwa kazi. Tofauti ya nipige na nipigie ni ndogo mdomoni, lakini ndiyo inayotenganisha picha ya mtu na picha ya kitu. Postikadi za Unguja ziliuvunja mpaka huo, zikampiga mtu kana kwamba ni kitu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe katika enzi za filamu. Filamu ya milimita 35 huwa na nafasi 24 au 36. Mpigapicha aliyesimama Ngome ya Yesu, iliyofanywa makumbusho, au chini ya zile pembe za bati zilizosimamishwa Mombasa katika miaka ya 1950, hakuweza kuipeleka filamu kuoshwa kabla haijakwisha ila kwa hasara. Siku ya sikukuu ilikwisha kwa saa chache. Siku ya kazi ya kawaida huenda ikabaki nusu yake. Kwa hiyo mteja alitoa sehemu ya malipo, akaambiwa arudi kesho au keshokutwa. Kama alikuwa mgeni kutoka bara anayeondoka kwa basi la usiku, ilibidi aache anwani na kutumaini posta. Biashara nzima ilisimama juu ya uaminifu wa watu wawili wasiojuana, na mtu akidhulumiwa alijua pa kumpata aliyemdhulumu, kwa sababu mpigapicha alikuwa palepale kila siku. Hili si jambo dogo. Kusimama mahali pamoja kulikuwa ndiyo dhamana yake.

Ufundi nao ulikuwa na matatizo yake ya kipwani. Hewa ya chumvi hula vyuma vya kamera, na unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi. Zaidi ya hayo kuna suala la nuru. Kanzu nyeupe na uso mweusi katika jua la mchana ni vitu viwili visivyopatana kwenye filamu: ukiipimia kanzu, uso huzama gizani, ukiupimia uso, kanzu huungua ikawa doa jeupe. Filamu za rangi zilizidisha tatizo, maana katika maabara nyingi rangi zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ambazo wenye kazi hiyo waliziita kadi za Shirley. Ngozi nyeusi haikuwamo katika kipimo. Fundi mzoefu wa pwani hakungoja kiwanda kimwelewe. Alimtoa mteja juani akamweka kivulini karibu na ukuta wa chokaa, ili weupe wa ukuta urudishe nuru usoni, au alimwambia asubiri alasiri.

Mahali ambapo kazi hii ilistawi kwa namna ya pekee ni kivuko cha Likoni. Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani ya Afrika Mashariki, amewaeleza wapigapicha waliojenga vibanda vyao karibu na feri, wengi wao wakiwa vijana waliotoka bara. Vibanda hivyo vilikuwa vya barabarani na vya studio kwa wakati mmoja: mbele ni vumbi na msongamano wa abiria, nyuma ni pazia lililochorwa meli, ndege na majumba, pamoja na maua ya plastiki na mapambo ya kumetameta. Mtu aliyeishi chumba kimoja alisimama hapo, akatumia wazazi wake huko bara picha ya mwana aliyefika mbali. Kuna wanaodharau picha hizi wakiziita uongo. Sisi hatukubaliani nao. Mshairi anapojisifu haulizwi stakabadhi. Ghasia zilizozuka Likoni mwezi Agosti 1997 ziliwalenga watu wa bara, na biashara iliyotegemea mikono yao haikuweza kusalimika.

Ulinganisho mmoja wa ng'ambo utasaidia. Katika miji ya pwani ya Uingereza, kama Margate, ambako kampuni ya Sunbeam ilianza mwaka 1919, wapigapicha walikuwa wakiwapiga picha wapita njia wakitembea ufukoni, kisha humpa mtu tikiti akanunue picha yake kibandani akipenda. Picha ilitangulia, ridhaa ikafuata. Mombasa ridhaa ndiyo iliyotangulia. Mwandishi huyu, alipokuwa masomoni huko, aliziona picha za namna hiyo zikiuzwa kwa vikapu katika maduka ya vitu vikuukuu. Zina uchangamfu ambao picha zetu za kusimama wima hazina, na ni haki tukiri hivyo.

Kuhusu wanawake, ridhaa ilikuwa na uzito zaidi. Mwanamke wa Mji wa Kale aliyevaa buibui barabarani hakuhofia kamera peke yake; alihofia pia safari ya filamu baada ya kamera. Picha za harusi, zilizopigwa ndani mbele ya wanawake watupu, zilioshwa dukani na wanaume. Kamera ya dijitali, ambayo mfano wake wa kwanza ulitengenezwa katika maabara ya Kodak mwaka 1975, iliondoa mwoshaji huyo wa kati. Lakini ilileta nakala zisizo na idadi. Ndiyo maana leo katika baadhi ya harusi za pwani simu hukatazwa mlangoni.

Kodak yenyewe iliomba kinga ya mufilisi mwezi Januari 2012. Wapigapicha wa barabarani hawakutoweka pamoja nayo. Wapo bado Mombasa, wakiwa na kamera za dijitali. Picha huchapwa papo hapo au karibu, malipo hupita kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na mgeni hana haja ya kuacha anwani. Mshindani wao ni simu iliyo mfukoni mwa mteja, na pia mwenye simu asiyeuliza mtu, ambaye amekuwa mpigapicha wa barabarani kwa maana ile ya Ulaya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni habari zake binafsi, lakini mvuvi anayepigwa picha akishusha samaki hana nafasi ya kuisoma kabla simu haijarudishwa mfukoni.

Linabaki suala la hazina. Mpigapicha wa filamu alizitunza negativu ili mteja aweze kurudi kuomba nakala, na nyingi zimo hadi leo ndani ya makopo na bahasha katika nyumba za warithi, zikishikana kwa unyevu. Wa dijitali hufuta kadi yake jioni ili apate nafasi ya kesho. Idara za historia na za Kiswahili zingeweza kuanza na makopo hayo, huku wazee wanaozijua nyuso wakiwa hai, na kuandika nyuma ya kila picha kile ambacho postikadi za Unguja hazikuandika: jina.